Matanga ya Mwanasheria Tusiyemjua

Kwa miaka kadhaa nilimtunza mzee mmoja Mwingereza huko Walthamstow, na nyumba yake, ingawa ilikuwa ndogo, ilikaliwa na watu wawili: yeye mwenyewe, na mwanasheria wa Kimarekani aliyekufa zamani sana, kabla hata babu zetu hawajajua kwamba kuna mahali panaitwa Marekani. Mzee alichukua chumba cha chini karibu na choo. Mwanasheria alichukua vyumba vyote vya juu. Alikaa ndani ya maboksi.

Sikuajiriwa kumtunza mwanasheria. Mpango wa kazi niliopewa na ofisi ulitaja kuoga, dawa, chakula, na mwishoni kabisa neno moja: mazungumzo. Wenzangu wengi hulidharau neno hilo. Huuliza habari za hali ya hewa, wakajibiwa, wakatia saini na kukimbilia basi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule nyumbani kabla sijaja huku, na ukishafundisha darasa la nne huwezi kumwuliza mtu swali kisha ukaondoka kabla hajajibu. Siku ya kwanza nilimwuliza, "Mzee, hayo maboksi ya juu ni ya nini?" Akaanza kunijibu. Alikuwa bado anajibu siku aliyohama.

Yeye pia alikuwa wakili, ila wa aina ile isiyoonekana kwenye filamu. Maisha yake yote ya kazi alihamisha hati za nyumba kutoka jina la muuzaji kwenda jina la mnunuzi. Hakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Hakuwahi kusema "napinga." Alipostaafu alinunua kitabu kilichochanika kwenye meza ya mitumba pale sokoni, na ndani yake akakuta ukurasa mmoja na nusu juu ya mwanasheria wa nchi ya mpakani, mtu wa farasi na matope na maneno mengi. Wengine wakistaafu hupenda bustani. Huyu alimpenda huyo mtu. Akaanza kuagiza nakala za magazeti ya zamani, ramani, kumbukumbu za mahakama, na kuandika kitabu cha maisha yake. Marekani kwenyewe hakwenda kamwe, kwa kuwa aliogopa ndege.

Neno mpakani linahitaji maelezo kidogo, maana mimi mwenyewe lilinichanganya. Sisi tunajua mpaka ni mahali palipotulia: kuna kizuizi, kuna askari, kuna foleni ya malori na wamama wanaouza mayai ya kuchemsha. Mpaka wa Marekani ya wakati ule ulikuwa unatembea. Kila mwaka ulisogea kuelekea magharibi, na watu nyuma yake na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Alitangulia mwindaji, akafuata mkulima, na mara tu wakulima wawili walipojenga ua, akaja mwanasheria.

"Na kabla ya mwindaji?" niliuliza siku ya kwanza.

"Chai imepoa, mwalimu," alisema mzee.

Basi nikampashia chai, na nikajifunza kwamba kuna boksi moja, lile lililokaa peke yake chini ya ngazi, ambalo hatulizungumzii.

Mengine yote tuliyazungumza. Mwanasheria alizaliwa katika kibanda cha magogo, mtoto wa katikati katika familia iliyohama kila mara shamba lilipochoka. Alijifunza kusoma akiwa tayari ana ndevu. Sheria aliisoma katika kitabu kimoja cha kuazima, ambacho kilikosa kurasa za mwisho, na mzee aliamini kwamba ndiyo sababu katika maisha yake yote mtu huyu alijua kuanzisha kesi vizuri sana lakini hakujua kuimaliza. Mtihani wa uwakili alifanyiwa na jaji aliyekuwa ananyolewa ndevu. Maswali mawili ya kwanza yalimshinda. Kwa la tatu alitoa jibu la kuchekesha, jaji akacheka, wembe ukamkata shavu, na akampa leseni papo hapo ili aondoke.

Walizunguka kwa farasi, jaji mbele na mawakili nyuma, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa sababu mahakama ilikuwa ni wao wenyewe popote waliposhuka. Asubuhi mwanasheria wetu alimshtaki mwizi wa nguruwe. Mchana, katika kesi nyingine, alimtetea mwizi mwingine wa nguruwe, na pengine hata nguruwe alikuwa ni yule yule. Usiku, kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa na vitanda vichache, alilala kitanda kimoja na wakili aliyempinga, na jaji akalala katikati.

Baadaye akaingia siasa. Alichaguliwa bungeni kwa chama kimoja, akarudi kwa kingine, na mara ya tatu akagombea kwa chama alichokianzisha mwenyewe, ambacho kilivunjika kabla ya uchaguzi lakini yeye akashinda. Aliipinga reli kwa nguvu zake zote mpaka wapimaji walipoipitisha kando ya shamba lake, na ndipo alipogundua faida za reli kwa taifa. Mhariri mmoja wa gazeti aliandika jambo hilo, wakaitana kupigana kwa bastola kando ya mto. Kila mmoja alisimama ukingo wake, kila mmoja akangoja, na wote wawili wakarudi mjini kutangaza kwamba mwenzake ni mwoga na hakutokea.

"Wewe huwezi kuamini," mzee aliniambia, macho yake yanang'aa.

"Mzee," nilisema, "mimi ni Mkenya. Naamini kila neno."

Lakini mambo hayakukaa hivyo. Kifua cha mzee kilizidi kumsumbua, na binti yake, anayeishi kaskazini, mwanamke mwema asiye na muda, akaamua baba yake ahamie kwake. Nyumba ingeuzwa. Kule kulikuwa na chumba kimoja chenye nafasi ya maboksi mawili ya vitu vya baba. Mengine, alisema kwa upole kabisa, yangekwenda kwenye mapipa ya karatasi taka. Aliyasema haya jikoni, huku anakunja taulo. Nilimwangalia mzee. Alikuwa anakitazama kijiko chake kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake hatapona.

Nikaenda maktaba ya mtaa. Bibi mkuu wa pale, mwanamke mwenye miwani ya kamba, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wangeweza kuchapa nakala moja ya kazi ya mzee, kuijalidi na kuiweka rafuni daima, ikiwa tu itaonekana kwamba watu wa mtaa wanaitaka. Chumba cha mikutano kilikuwa wazi Jumamosi ya mwisho kabla ya mzee kuhama. Aje aseme maisha ya mtu wake. Wakija watu, sawa. Wasipokuja, yeye bibi hataweza kutetea nafasi ya rafu mbele ya wakubwa wake.

Mzee aliponisikia alicheka kwa huzuni. Aliwahi kutoa mhadhara hapo mara moja, akaniambia. Alikuja mtu mmoja aliyetafuta joto, na mume na mke waliodhani ni darasa la kufuma.

Kulikuwa na tatizo jingine. Sauti yake haikuweza kumaliza hata nusu saa, na maandishi yake yalikuwa marefu kiasi kwamba tulipojaribu kuyasoma kwa sauti, mwanasheria alikuwa bado hajazaliwa na chai ilikuwa imekwisha mara mbili. Ilibidi mimi nisome, na ilibidi tufupishe.

Hapo nilikuwa na ujuzi wangu. Watu wetu wakifia London, mara nyingi mwili hurudishwa nyumbani, na kabla ya safari tunakusanyika kanisani au kwenye ukumbi, na mtu mmoja anasoma wasifu wa marehemu. Kwa sababu ya sauti yangu ya darasani, mtu huyo huwa ni mimi. Wasifu una njia yake, na njia hiyo haipotei: kuzaliwa, masomo, ndoa, kazi, utumishi kwa jamii, kuugua, waliobaki. Mtu yeyote huingia humo, hata aliyekuwa na vurugu namna gani, na hutoka amenyooka. Nilimweleza mzee haya yote taratibu.

"Na hoja iko wapi?" aliuliza. "Alikuwa mtu mwema au mbaya?"

"Hoja huachiwa familia. Wataendelea nayo wao wenyewe nyumbani."

"Lakini huo si uongo?"

"Hakuna uongo, mzee. Tunapanga tu. Nipe ndoa yake."

Tukampanga mchana baada ya mchana. Ile ya vyama vitatu ikawa: alitumikia wananchi kupitia vyama mbalimbali. Ile ya bastola ikawa: alijulikana kwa kutetea heshima yake. Mzee alianza kuifurahia kazi, hata akaongeza mwenyewe kwamba marehemu alipenda kukaa na watu, na nikamwambia sasa umeelewa. Tulipofika kwenye shamba aliiweka kalamu chini. Macho yake yalikwenda kwenye ngazi, kwenye lile boksi.

"Andika tu alijaliwa shamba kubwa bondeni," alisema.

Nikaandika. Njia ya wasifu inaruhusu.

Ilibaki kuita watu. Tuna kikundi chetu cha simu, sisi Wakenya na Wakongo wa mitaa hii na wachache wa Ilford, na nilituma ujumbe: Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa maktaba, yatasomwa maisha ya mwanasheria na mwanasiasa mpendwa wa mzee wangu. Tafadhali tufike kwa wingi tumpe mzee nguvu. Nikaweka na picha ya mwanasheria, ya zamani, koti jeusi, uso wa mtu aliyetoka kunywa siki. Kisha nikarudi kwenye zamu zangu. Huwa sifungui majibu ya kikundi kile, kwa sababu mtu mmoja akisema amina lazima wote waseme amina, na simu hulia mpaka inaisha chaji.

Kama ningefungua ningeona. Lakini sikufungua.

Jumamosi nilimvalisha mzee tai yake ya kazini na nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupitia sokoni. "Wakija watano nitafurahi," alisema. "Hata watatu." Tulipokaribia maktaba nilisikia wimbo. Nikadhani ni kanisa la jirani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walivaa nyeusi. Wamama walikuwa wamejifunga leso za msiba kiunoni, wengine vitenge vyote vya aina moja, na nyuma, juu ya meza ambayo bibi wa maktaba alikuwa ameiandaa kwa vipeperushi, kulikuwa na sufuria za wali, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, na birika kubwa la chai. Mbele, kwenye kiti chenye shada la maua, iliegemezwa picha ya mwanasheria, imechapwa kubwa na kutiwa fremu. Kwaya ilikuwa tayari kwenye ubeti wa tatu. Iliongozwa na rafiki yangu, mama mmoja wa Bukavu ambaye tulifanya naye kazi ya usafi miaka yangu ya kwanza hapa.

Alinijia mikono wazi, machozi tele. "Pole, Mwalimu. Pole sana. Mzee wako amepoteza ndugu."

"Nani amekufa?" nilimwuliza kwa sauti ya chini.

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyechanganywa na msiba. "Huyu," alisema, akionyesha picha.

Nilielewa mara moja. Yatasomwa maisha. Mpendwa wa mzee. Tufike kwa wingi. Picha ya mtu aliyevaa koti. Kwetu hakuna ujumbe mwingine ulioandikwa namna hiyo duniani. Nilitaka kusema, lakini tayari walikuwa wamempangia mzee foleni. Mmoja mmoja waliinama mbele ya kiti chake, wakashika mkono wake kwa mikono miwili, wakamwambia pole. Yeye hakujua neno hilo. Alijua tu kwamba watu wengi, wengi sana, wamekuja kwa ajili ya mwanasheria wake na wamehuzunika.

"Wanamfahamu?" aliniuliza.

Bibi wa maktaba alikuwa amesimama mlangoni, miwani imeshuka, anahesabu vichwa kwa kidole na kuanza upya.

Nilidhani nitawaambia kabla ya kusoma, kisha nikadhani nitawaambia baada. Nilifungua karatasi. Nilisoma kwa Kiingereza na kuwatafsiria wamama kila baada ya aya, kama kawaida yetu. Nilipofika mwaka wa kuzaliwa, ukumbi ulitulia. Nilisikia mama wa Bukavu akimnong'oneza jirani yake, "Aliishi sana huyu."

"Alikuwa anafunga na kuomba," alijibu jirani.

Niliendelea. Kwenye mtihani wa jaji walicheka, wakajizuia, wakacheka tena. Kwenye vitanda, mtu mmoja wa nyuma, dereva wa basi, mtu wa Mombasa mwenye kofia safi na ndevu nyeupe, alisema kwa sauti, "Jaji kalala katikati. Na haki je, ililala wapi?" Kwenye reli kicheko kilikuwa cha watu waliokutana na jamaa yao. "Huyo alikuwa mbunge wetu!" alisema mtu, akataja eneo lake la uchaguzi, na kutoka upande mwingine wakambishia kwamba la, alikuwa wa kwao.

Nilipofika kwenye kuugua na mwaka wa kufa, nilikwama. Nikaweka karatasi chini, nikawaeleza kila kitu, kwa Kiswahili, kama ninavyoweza kueleza nikiogopa, yaani polepole mno. Kwamba marehemu ni marehemu kweli, lakini wa karne ile nyingine. Kwamba mzee si ndugu yake. Kwamba kosa ni la ujumbe wangu, na mwenye kutaka kuondoka aondoke bila kinyongo.

Mzee alinitazama, hajui kinachosemwa.

"Mwalimu," alisema mama wa Bukavu hatimaye, "sisi tumeisha kuvaa."

"Najua, dada."

"Na chakula kimeisha kuiva."

"Najua."

"Na huyu mtu, alipokufa, kwao walimlilia?"

Nilimwuliza mzee kwa Kiingereza. Alifikiri. Akasema gazeti liliandika mistari minne, na mmoja kati yake ulikuwa na kosa. Nikatafsiri.

"Mistari minne!" alisema mama wa Bukavu, kama aliyetukanwa yeye. "Soma, Mwalimu. Maliza."

Nikamaliza. Kwenye waliobaki tulikuwa tumeandika hakuna watoto wanaojulikana, na ukumbi uliguna kwa masikitiko. Ndipo yule wa Mombasa akasimama. Yeye ni Mwislamu, na wengi wetu ni watu wa kanisa, lakini kwenye misiba ya London tumezoea kuazimana desturi. Wao hutuazima ukimya na sisi tunawaazima nyimbo. Jambo moja hawaliachi, nasi tumelichukua. Kabla watu hawajatawanyika, mtu mzima husimama na kuuliza kama yupo yeyote mwenye haki yake kwa marehemu, ajitokeze, na familia huitika kwamba itaibeba na kuilipa. Aende kaburini mwepesi.

"Msiba wa zamani ni msiba," alisema yule wa Mombasa. "Maiti ni maiti, na utaratibu ni utaratibu. Kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu huyu, aseme sasa, tukiwa na familia hapa."

Kila mtu akamgeukia mzee. Familia ilikuwa yeye. Nikamtafsiria, nikitabasamu ili ajue ni desturi tu, ajibu asante na tule.

Hakujibu asante. Alishika mikono ya kiti na kunionyesha kwamba anataka kusimama, nikamshika kwapani. Akavuta pumzi.

"Wapo," alisema.

Nikatafsiri. Hakuna aliyecheka.

Basi akalifungua lile boksi la chini ya ngazi, bila boksi. Alisema kwa vipande, nami nikavifuata. Bonde lile lilikuwa na watu kabla ya mwindaji na kabla ya mkulima. Walipanda mahindi hapo, na waliwazika wazee wao hapo. Serikali ilitaka wahame, na ilihitajika karatasi, na aliyeiandika karatasi alikuwa huyu mwanasheria, kwa ufundi ambao yeye mzee, aliyeandika hati za ardhi maisha yake yote, aliutambua. Ilikuwa kazi safi. Wazee wa bonde waliwekewa alama zao chini ya maneno wasiyoyasoma. Na baada ya miaka miwili shamba kubwa la bondeni lilikuwa la mwandishi wa karatasi. Sura ya bonde hilo katika kitabu chake, alisema, alishindwa kuiandika, kwa sababu alimpenda mtu huyu, na kila alipoianza, mtu huyu alimtoroka.

Waliokaa pale walikuwa wajukuu wa watu waliohamishwa na masetla wa Kizungu kutoka miinuko yao, na watu ambao wenyewe walihamishwa na vita. Hakuna aliyehitaji nimweleze mpakani ni nini.

"Wako hapa, hao wenye haki?" aliuliza yule wa Mombasa, kwa upole.

"Hapana," alisema mzee. "Wazao wao wako mbali. Hakuna wa kuwasemea."

"Familia inaibeba?"

Nilitafsiri. Nilitamani kumwambia mzee kwamba hapaswi kuibeba, kwamba si familia, kwamba sote tumeshakubaliana hilo ni kosa la simu yangu. Alinitangulia.

"Nitaiandika," alisema.

"Basi iandikwe," alisema yule wa Mombasa, akaketi. "Sasa tule."

Tukala. Bibi wa maktaba alikula chapati tatu na kuniuliza kama vikundi vya historia vya jamii yetu hukutana kila mwezi. Binti wa mzee, aliyefika na gari lake kupakia vitu, aliingia katikati ya kelele hizo na kumwona baba yake, sahani ya wali magotini, amezungukwa na wamama wenye nguo nyeusi wanaomlazimisha kuongeza mchuzi. Aliniuliza nani amefariki. Nikamweleza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na muda. Watu walipoanza kuaga, walipanga foleni tena mbele ya mzee, nami nikamwona binti amesimama mwishoni mwa foleni hiyo, akisikiliza wanachosema walio mbele yake. Zamu yake ilipofika aliinama, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono miwili, na kusema, kwa matamshi ya kaskazini ya Uingereza, "Pole."

Siku ya pili mzee aliondoka. Kati ya maboksi mawili yaliyoruhusiwa, la kwanza lilikuwa lile la chini ya ngazi. La pili lilikuwa la nguo, na nusu ya nguo hizo hakuzivaa kamwe. Mengine yote yalikwenda maktaba ndani ya gari la binti, safari mbili.

Sura ile aliiandika kule kaskazini, polepole, majira ya baridi yote. Alikuwa ananipigia simu kunisomea aya moja moja, na kikohozi katikati. Nilimtia moyo kama nilivyotia moyo watoto wa darasa la nne: hiyo ni nzuri, mzee, sasa sentensi inayofuata. Mara nyingine aliteleza na kuandika alijaliwa, na ningemwambia, hapana, mzee, hiyo ilikuwa ya wasifu.

Kitabu kikachapwa. Nakala moja, jalada gumu la kijani. Nilikwenda kukitafuta rafuni, kwenye historia ya Marekani, sikukiona. Nilikitafuta kwenye sheria, sikukiona. Bibi wa maktaba akanipeleka mwenyewe, kwa fahari, mpaka kwenye rafu ndogo karibu na dirisha, yenye kibao cha jamii za Kiafrika za mtaa wetu. Mwanasheria wa mpakani alikuwa amesimama hapo, kati ya kitabu cha kusuka nywele na hadithi za watoto kwa Kiswahili. "Nilidhani," alisema bibi, "kwa kuwa ni wa kwenu."

Nilimpigia mzee simu palepale, nikidhani atataka nilalamike. Alicheka mpaka binti yake akaja kuichukua simu kuona kama anapumua. Kisha akairudisha sikioni. "Usimsogeze," alisema. "Hapo ndipo mahali pekee alipoulizwa swali."

Siku chache baadaye yule wa Mombasa alinipigia, akinong'ona, na kwa nyuma nilisikia ule ukimya wa maktaba. Alikuwa kwenye mapumziko kati ya safari mbili za basi.

"Mwalimu, nimekipata. Nimeanza na ile sura."

"Umeionaje?"

"Ndefu," alisema. Nikasikia kurasa zinafunguka, moja, kisha nyingine. "Kizungu chake kigumu, wallahi. Na huyu marehemu wenu hapati pumziko hata kidogo."

"Lakini?"

Nadhani alikuwa anausoma mstari wa mwisho tena.

"Lakini imeandikwa," alisema, na nikasikia kitabu kikirudishwa rafuni.